Fish River Canyon kwa miguu: unalipia kibali, mengine ni juu yako

Nyota kwanza, maana najua wengi husoma hapo tu: nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na mchanga, nitaeleza.

Njia inapita ndani ya korongo la mto Fish, kusini mwa Namibia, kutoka Hobas hadi Ai-Ais, kilomita 85 hivi ukifuata mto, pungufu kidogo ukikata kona. Unachonunua ni kibali, basi. Hakuna kibanda, choo, mwongozaji wala mtandao wa simu. Unalala popote unapopata mahali tambarare. Ni lazima muwe watatu au zaidi, kila mmoja na cheti cha daktari, na mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi. Msimu ni 1 Mei hadi 15 Septemba. Miezi mingine joto la mle chini si la mchezo, na mvua iliyonyesha mbali inaweza kukushushia mafuriko. Nimesikia watu wakilalamikia masharti haya. Washuke kwanza, halafu waangalie juu walikotoka.

Kushuka ni kama mita 500, na pale juu kabisa kuna minyororo ya kujishikilia. Ni hapo kwenye minyororo ndipo kifungo cha mkanda wa kiunoni cha begi nililokodi kilipokatika. Duka silitaji. Nilifunga mkanda kwa kamba ya kuanikia nguo na uzito wote ukahamia mabegani hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo ukikodi begi, lijaze mzigo dukani, livae, lifunge, ruka ruka mbele ya mwenye duka. Akikuangalia vibaya mwache.

Sasa mchanga. Kutoka chini ya mteremko hadi chemchemi ya Palm Springs ni kilomita kumi na kitu ambazo kwenye ramani ni kitu kidogo. Unapita juu ya majabali yanayomzidi mtu kimo, ukimaliza unazama mchangani hadi kifundoni, ukimaliza yanarudi majabali. Changarawe inaingia ndani ya buti na kukaa pale pale kidole kidogo kinapoanza malengelenge. Wanaokata tamaa wengi hukata hapa, na ni haki yao; njia ya dharura ya kupandia iko karibu na chemchemi hiyo hiyo. Fimbo mbili za kutembelea zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichobeba.

Palm Springs yenyewe unaipata kwa pua kabla ya macho: yai viza. Maji ya salfa yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 57 hivi, yanateremka juu ya mawe yenye utelezi wa kijani na kuingia mtoni. Pale yanapokutana na maji baridi, sogeza miguu taratibu mpaka upate joto lako. Ipo na mitende. Husimuliwa kwamba iliota kutokana na kokwa za tende walizotupa Wajerumani waliojificha humu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Baada ya hapo korongo linapanuka na unaanza kutembea kama binadamu. Tuliona farasi mwitu, alama za kwato za tandala kwenye tope, na nyani ambao chakula usikiache nje hata dakika moja. Mwamba wa Four Finger Rock unapendeza. Kaburi la Luteni Thilo von Trotha, aliyeuawa 1905 katika vita vya Wanama dhidi ya wakoloni, wengi husimama kupiga picha, mimi nilipita. Jina hilo la ukoo ndilo la jenerali aliyeamuru Waherero waangamizwe, na kwangu hilo lilitosha.

Maji mara nyingi ni madimbwi yaliyosimama, kwa hiyo chuja, na pale palipo na kinyesi cha farasi chemsha pia. Usiku baridi ni kali; begi la kulalia jepesi la kiangazi liache nyumbani.

Ai-Ais kuna bwawa la maji moto, na kwa miguu iliyotoka huko hiyo ni nyota nzima. Ila gari lenu mmeliacha Hobas. Usafiri wa kulirudia upangeni kabla ya kushuka, msije mkaomba lifti kwa watu ambao gari lao limeshajaa mabegi.