Bisibisi ya Kugonga ya 32,000 Dhidi ya Diski Iliyogoma Kigamboni

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo naingia moja kwa moja, maana hili gari si langu. Ni la mjomba, Honda CR-V ya 1999, na linalala Kigamboni kule karibu na ufukwe. Chuma kinachopigwa na upepo wa chumvi miaka yote hiyo mnajua kinavyokuwa. Jana nimetoa tairi la mbele nibadilishe diski za breki, diski imegoma. Imekamatana na habu, kile kitovu cha chuma tairi linapofungwa, utadhani imechomelewa.

Sasa mzigo wenyewe ndio huu. Bisibisi ya kugonga. Sitawasomea yaliyoandikwa kwenye boksi, mnayajua. Nimeitoa Gerezani, Kariakoo. Jamaa alianza na 45,000, nikabembeleza, nikazunguka duka la pili, nikarudi, tukamalizana kwa 32,000. Boksi lake ni takataka, kifuniko hakifungi, nimelibana kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Dogo, sogeza kamera. Hapa, usiniangalie mimi.

Mnaona hizi skrubu mbili za nyota zilizozama kwenye diski? Toyota nyingi hazina, Honda anaziweka. Na wala si hizo zinazoishika breki, wadau. Kinachoibana diski ni nati za tairi. Hizi zinaishikilia tu isicheze wakati tairi halijafungwa. Lakini skrubu kama kidole cha mtoto ndiyo iliyomtoa jasho fundi wa kwanza wa mjomba, na kaacha alama zake hizi hapa.

Ukiweka bisibisi ya kawaida unasukuma, unazungusha, ncha inapanda juu, inakula nyota. Ukirudia mara tatu una shimo la duara. Hii inafanya tofauti, na ndicho kitu ninachokipenda hapa. Tazameni bila nyundo kwanza. Naisimamisha kwenye ubao, nakandamiza kwa kiganja... umeona? Ncha imezunguka. Kidogo tu, kama mshale wa saa ukiruka dakika mbili. Ndani kuna springi na mteremko wa chuma, kwa hiyo ukiigonga kichwani, pigo lilelile linaizamisha ncha kwenye skrubu na kuizungusha kwa mpigo mmoja. Haipati nafasi ya kuteleza. Nirudie? Narudia. Kandamiza... imezunguka. Naweza kukaa hapa mpaka jioni.

Ila ncha iliyokuja imefungwa humu ni namba 2. Itoe! Skrubu hizi zinataka namba 3, na ipo humohumo kwenye boksi. Halafu hakikisha umeiweka upande wa kufungua, kushoto, na kabla hujapiga izungushe kwa mkono kuelekea kushoto mpaka ikaze. Nyundo iwe nzito. Hii ya kilo moja na nusu nimeazima kwa jirani, ile yangu ya kupigia misumari ilikuwa inadunda tu.

Naanza. Ngaa! Bado. Ngaa! Bado... Ngaa! Eeeh! Imeachia! Dogo, umechukua hiyo? Sema umechukua.

Kosa langu sasa. Nilishatoa kalipa, ile yenye pedi zinazobana diski, nimeining'iniza kwa waya hapo, msije mkaiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki. Sasa diski inazunguka ninapogonga. Skrubu zilegeze kabla hujagusa kalipa, pedi zikushikie diski. Upande wa pili nitafanya hivyo.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisichukue impakti ya betri, ile mashine ya kufungulia inayopiga yenyewe. Kaka, nzuri, lakini bei yake nanunua hizi tano na chenji ya pantoni inabaki. Na ukiwa na haraka nayo inaweza kuila nyota vilevile. Wengine mtasema WD-40, ile dawa ya kopo ya kupulizia. Ile jina lake ni la kufukuza maji, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kuzuia kutu. Nimepulizia tangu jana usiku, imesaidia kiasi, lakini peke yake isingefika popote.

Skrubu zote mbili nje, na diski bado imenuna. Hapa wengi wanaanza kuitwanga kwa nyuma, na beringi ya tairi ndiyo inayoumia. Angalieni haya matundu mawili yenye uzi. Mjapani kakuwekea dawa mwenyewe. Tafuta bolti mbili zile tunazoita za spana 12, yaani unene wa milimita 8. Za dukani huwa zinakuja na kichwa cha 13, ni hizohizo, mradi uzi ukubali kwa vidole. Ziingize humo kwenye matundu, ukikaza zinaisukuma diski itoke kwenye habu. Kaza hii robo mzunguko, hamia hii robo. Usimalize moja, itaenda upande na kubana zaidi. Robo... robo... inalia, sikieni inavyolia... paa! Imeanguka. Nimeruka mwenyewe.

Habu napiga brashi ya waya mpaka uso uwe safi. Ukiacha kutu hapo, diski mpya inakaa upande na ukishika breki usukani unatetemeka. Skrubu nilisema kwenye video iliyopita sizirudishi. Nimebadili mawazo, narudisha moja, na grisi kidogo. Ile iliyoliwa naitupa.

Kwa hiyo 32,000 nimeridhika, ingawa kwa boksi lile 25,000 ingenikaa vizuri. Kama umeipata chini ya hapo niandikie hapo chini na mtaa. Video za gereji nazihamishia Jumamosi, umeme huku mchana wa kazi unanikatia kazi. Dogo, usizime bado, tunahamia upande wa kushoto, na mjomba ameshapiga simu mara mbili.