Chatsworth au Hardwick: nyumba mbili za bibi mmoja

Zote ziko Derbyshire, Uingereza, na zote zinaanzia kwa Bess wa Hardwick, mwanamke aliyeolewa mara nne na kufa tajiri. Chatsworth aliinunua na mumewe wa pili, William Cavendish, mwaka 1549. Hardwick Hall aliijenga uzeeni, 1590 hadi 1597, akaweka herufi za jina lake, ES (Elizabeth Shrewsbury), kwa mawe makubwa juu ya minara. Hakutaka mtu aulize ni kwa nani.

Kwa karne nyingi ukoo wa Cavendish ulimiliki zote. Kilichozitenganisha ni kodi. Duke wa 10 wa Devonshire, mkuu wa ukoo huo, alikuwa ameshamrithisha mwanawe mali, lakini ili kodi ya urithi isidaiwe sheria ilimtaka aishi miaka mitano baada ya hapo. Akafa Novemba 1950, zikiwa zimebaki wiki chache tu! Serikali ikadai asilimia 80 ya mali.

Hardwick ikatolewa kulipia deni, na mwaka 1959 ikakabidhiwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale. Chatsworth ikabaki kwa ukoo, ingawa tangu 1981 inaendeshwa na mfuko wa hisani, na familia hulipa kodi ya pango kuishi kwao wenyewe.

Chatsworth ya leo kwa sehemu kubwa ni kazi iliyoanza 1687. Ina fahari, na ile fidla iliyochorwa mlangoni hadi unataka kuichukua. Mimi lakini ningekwenda Hardwick: madirisha kila upande, na nyumba bado ni ya Bess.