Ushauri wa kabla ya kufungua kesi ya talaka: huduma tuliyolipia Nairobi

Ofisi moja ya mawakili katikati ya jiji la Nairobi hutoa kikao cha ushauri kwa mtu anayefikiria talaka lakini hajafungua kesi, na mapema mwaka huu nilimsindikiza mdogo wangu huko. Ada yake ni shilingi 6,000, hulipwa kwa M-Pesa kabla ya kumwona wakili, nayo haihusu uwakilishi mahakamani. Naipendekeza, hasa kwa mtu ambaye jina lake halimo katika hatimiliki ya nyumba aliyosaidia kuijenga, ingawa yapo mambo yaliyoniudhi.

Wengi huingia ofisini humo wakiamini kwamba mali ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu. Ni kweli kwamba Kifungu cha 45(3) cha Katiba ya 2010 kinawapa wanandoa haki sawa wanapooana, wanapoishi katika ndoa na ndoa inapovunjika. Hata hivyo, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa mali kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa kikatiba haumpi mtu nusu hivi hivi tu. Wakili hakuishia hapo, maana habari hiyo ikisemwa nusu humvunja mtu moyo bure: katika kesi hiyohiyo mke alibaki na nusu ya nyumba na ya vyumba vya kupangisha, kwa kuwa mchango wake ulikuwa na ushahidi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kikao ilihusu ushahidi. Wakili alichora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja akaandika pesa na upande wa pili kazi, kwa sababu sheria inahesabu pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kilimo. Mdogo wangu alikuwa amebeba risiti za saruji na mabati, baadhi zikiwa zimefifia wino hata bei haisomeki, akaagizwa azitoe nakala siku hiyohiyo na kuomba taarifa za benki na M-Pesa za miaka ya ujenzi. Upande wa kazi ulijaa kuliko alivyotarajia: mafundi aliowasimamia, jumbe alizowatumia, daftari la duka lenye mwandiko wake. Vitu kama hivyo huwa vigumu kupatikana mtu akishahama nyumbani, na kwangu mimi hapo ndipo ada ilipolipa.

Alielezwa pia kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, kwamba anaweza kuandikisha zuio katika ofisi ya ardhi, na kwamba anaweza kuiomba mahakama itamke haki zake katika mali hata kabla ya kuomba talaka, ijapokuwa mgawanyo wenyewe husubiri ndoa ivunjwe.

Sasa kasoro. Karani wa mapokezi aliita kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, "mama wa talaka". Kwa ofisi inayouza usiri, hilo halisameheki. Kipeperushi tulichopewa mlangoni bado kinaahidi "nusu ya kila kitu", kinyume kabisa na tulichoelezwa ndani, na mtu atakayekisoma nyumbani bila kumwona wakili atapotoka. Suala la watoto, ambalo linaongozwa na Sheria ya Watoto ya 2022, lilipitiwa juu juu, kisha tukaambiwa tulipie kikao kingine. Mzazi ambaye hofu yake kubwa ni watoto aulize mapema kama wakili atalizungumzia.

Waislamu nao waulize kabla ya kutuma pesa. Sheria ya 2013 inawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na ofisi hii huwaelekeza kwa Kadhi, ilhali ada hairudishwi. Wengine wote wafike na cheti cha ndoa, au cha usajili ikiwa ndoa ni ya kimila, pamoja na nakala za hatimiliki. Hati halisi zisiachwe pale. Sisi tulitakiwa tuziache, tukakataa, na kikao kikaendelea bila tatizo.