Kufuatilia fulana moja duniani: tovuti za bure za mradi wa utandawazi, ipi inasaidia na ipi inapotosha

Miradi mingi ya shule kuhusu utandawazi huanza na ramani ya dunia na kuishia na mishale. Mshale kutoka kwenye pamba hadi kiwandani, mwingine kutoka kiwandani hadi dukani, chini yake maneno kwamba dunia imekuwa kijiji, basi. Mwalimu akiuliza "umejuaje?", mshale haujibu. Zipo tovuti za bure zinazoweza kumpa mwanafunzi jibu, na hapa tunazipima zile zinazotajwa zaidi: OEC (michoro ya biashara ya nchi), UN Comtrade (takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa), Open Supply Hub (ramani ya viwanda), MarineTraffic (ramani ya meli), na kwa ufupi takwimu za Benki ya Dunia na faharasa ya KOF (alama za utandawazi za kila nchi). Tumezipima kwa jicho la mwanafunzi wa sekondari mwenye bidhaa moja mkononi, intaneti ya wastani na wiki mbili tatu za kufanya kazi.

Kwanza bidhaa yenyewe. Chagua fulana ya pamba, usichague simu. Simu inavutia, lakini vipuri vyake vimetawanyika kwenye makumi ya namba za forodha na kampuni hazisemi kila kitu. Hata wataalamu huishia kuifungua na kukadiria. Uchambuzi wa Yuqing Xing na Neal Detert uliotoka mwaka 2010 ulikadiria kwamba katika gharama ya kutengeneza iPhone 3G, dola 178.96, kazi ya kuiunganisha China ilikuwa dola 6.50 tu. Ni mfano mzuri wa kunukuu, ila mwanafunzi hawezi kuurudia mwenyewe. Fulana anaweza, kwa sababu hatua zake zinatengana vizuri: pamba ghafi ina namba 5201, nyuzi za pamba 5205, fulana 6109, na nguo zilizokwisha kuvaliwa, yaani mitumba, 6309.

Namba hizo ni za HS, mfumo wa kupanga bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, mbili zinazofuata ni kichwa cha bidhaa, mbili za mwisho ni kifungu. Tarakimu sita ni zile zile karibu dunia nzima; kuanzia ya saba kila nchi inajipangia. Makosa huanzia hapa. Fulana ya pamba ni 6109.10, na fulana ya poliesta ni 6109.90, kwa hiyo soma lebo ya ndani kabla ya kuandika namba yoyote. Ikiwa na kola na vifungo haimo kabisa kwenye 6109. Imehamia 6105 ya wanaume au 6106 ya wanawake. Sweta ni 6110. Na 6109 yenyewe imebeba pia singlendi, kwa hiyo anayeandika "fulana" tu chini ya grafu ameacha nusu ya maelezo.

OEC ndiyo pa kuanzia. Ilizaliwa MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, na kwa anayeanza hakuna inayoifikia kwa kueleweka haraka. Andika 6109 kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua ukurasa wa bidhaa, na utaona wauzaji na wanunuzi kwenye mraba mmoja uliokatwa vipande. Kipande kikubwa ni biashara kubwa. Kwa miaka ya karibuni Bangladesh na China ndizo zinazotangulia. Sasa rudia kwa 5201. Upande wa wauzaji utawakuta Marekani na Brazil, upande wa wanunuzi China, Vietnam na, tena, Bangladesh. Hapo mradi umeshapata hoja bila mwanafunzi kuhangaika: nchi inayovalisha sehemu kubwa ya dunia fulana hailimi pamba ya kuitosha, karibu yote inaiagiza. Hoja ya namna hiyo, iliyotoka kwenye kurasa mbili za takwimu, inamzidi mbali aliyeandika aya nzima kuhusu "mwingiliano wa mataifa".

Ila OEC ina mitego yake. Ukubwa wa kipande ni thamani kwa dola za Marekani, si idadi ya fulana. Bei ya pamba ikipanda, kipande kinaweza kukua hata kama makontena ni yale yale. Mtego wa pili ni Ujerumani. Utaikuta miongoni mwa wauzaji wakubwa wa fulana, na wanafunzi huandika moja kwa moja kwamba Ujerumani ina viwanda vingi vya kushona. Sehemu kubwa ya fulana hizo zimeingia kutoka nje, zikakaa kwenye maghala ya wasambazaji, kisha zikauzwa nchi za jirani. Uholanzi ni hivyo hivyo, kwa sababu ya bandari ya Rotterdam. Ukiona nchi tajiri inaongoza kwenye bidhaa inayohitaji mikono mingi, fungua ukurasa wa manunuzi yake ya bidhaa ile ile kabla ya kuandika lolote. Mengine ni usumbufu tu: kurasa ni nzito kwenye simu, baadhi ya zana zimefungiwa wanaolipia, na data huwa nyuma mwaka mmoja au miwili. Mraba wa bure unatosha. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, uandike mwaka wa data na tarehe uliyoifungua.

UN Comtrade ndiyo kisima chenyewe ambacho wengine huchota. Haina urembo. Unachagua mfumo wa bidhaa, namba, mwaka, nchi inayotoa taarifa, nchi mshirika na mwelekeo wa biashara, halafu unapewa jedwali. Bila akaunti unaona safu chache. Akaunti ya bure inaongeza nafasi ya kupakua, na kwa mradi wa shule hiyo inatosha na kubaki.

Makosa mawili yanarudiwa mno. La kwanza ni kujumlisha safu zote. Jedwali huwa na safu ya "dunia" ambayo tayari ni jumla ya washirika wote. Ukiiacha ndani na kujumlisha, jibu linatoka mara mbili. La pili linafanana nalo: kuchukua 6109 na 610910 kwa pamoja, wakati ya pili imo ndani ya ya kwanza. Jumla ikionekana kubwa kupita kiasi, anza kutafuta hapo.

Zoezi ambalo Comtrade inalifanya vizuri kuliko tovuti nyingine yoyote ni kupima kioo. Chukua nchi mbili na mwaka mmoja. Angalia muuzaji anasema ameuza kiasi gani kwa mnunuzi, kisha angalia mnunuzi anasema amenunua kiasi gani kwa muuzaji. Hazilingani, na hilo si kosa la tovuti. Muuzaji kwa kawaida huandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake. Mnunuzi huongeza nauli na bima hadi bandarini kwake, ndiyo maana namba yake mara nyingi ni kubwa. Mzigo uliopakiwa Desemba hufika mwaka unaofuata. Na uliopitia nchi ya tatu unaweza kuandikwa jina la nchi ya tatu upande mmoja na la nchi ulikotengenezwa upande wa pili. Mwanafunzi akieleza pengo hilo kwa sababu hizi tatu ameonyesha kwamba anaelewa biashara inavyohesabiwa. Zipo pia nchi zinazokaa miaka bila kuripoti. Hapo tumia taarifa za wanunuzi wake, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Open Supply Hub ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa kufundisha, ingawa ndiyo inayowavunja moyo wanafunzi wengi siku ya kwanza. Ni ramani ya bure ya viwanda, iliyoanza 2019 kama orodha ya viwanda vya nguo na sasa imepanuka hadi sekta nyingine. Kila kiwanda kina jina, anwani, waliokiorodhesha, na namba ya herufi na tarakimu 15 inayoanza na herufi mbili za nchi. Kutafuta hakuhitaji akaunti. Njia nzuri ni kuanza na kichujio cha mchangiaji: chagua kampuni ambayo jina lake liko kwenye fulana yako, halafu weka nchi iliyoandikwa kwenye lebo.

Kinachovunja moyo ni kwamba majibu yanatoka viwanda vingi, na hakuna njia ya kujua kipi kilishona fulana yako. Wengi hukata tamaa na kuchagua kimoja kwa kubahatisha. Usifanye hivyo. Andika "mojawapo ya viwanda kadhaa ambavyo kampuni hii imevitaja katika nchi hii", uonyeshe viko miji gani, na ueleze mwisho wa ramani uko wapi: kampuni nyingi hutaja viwanda vya kushona, wachache hutaja viwanda vya kufuma na kutia rangi, na mashamba ya pamba karibu hayaonekani. Mstari huo unapokatika ndipo penye kiini cha somo. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, ilibidi lebo zitafutwe kwenye kifusi ili kujua nguo za nani zilikuwa zikishonwa humo. Orodha za wazi za viwanda ziliongezeka baada ya hapo. Lakini jihadhari: kiwanda kuwa kwenye ramani maana yake kimetajwa, si kwamba kimekaguliwa.

Lebo nayo isomwe kwa uangalifu. Nchi iliyoandikwa hapo kwa kawaida ni ile ambako bidhaa ilipata badiliko kubwa la mwisho, na kwa fulana hiyo ni kushonwa. Haisemi pamba ilitoka wapi. Ukikuta herufi RN na tarakimu, hiyo ni namba ya usajili ya Marekani inayomtambulisha muuzaji, mwagizaji au mtengenezaji, na inaweza kutafutwa bure kwenye hifadhidata ya tume ya biashara ya nchi hiyo. Msimbopau usiuguse kama ushahidi wa asili ya bidhaa. Tarakimu zake za mwanzo zinaonyesha kampuni ilijisajili kwenye tawi gani la GS1, shirika linalotoa namba hizo, na kampuni iliyosajiliwa Ujerumani inaweza kushonesha popote. Kosa hili limesambaa kwenye video fupi za mtandaoni kiasi kwamba walimu wengine nao wanalifundisha.

MarineTraffic ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo tunayoitilia shaka zaidi. Ni ramani ya meli zikitembea, za mizigo kwa kijani, za mafuta kwa nyekundu, za abiria kwa buluu. Inapendeza kwenye projekta. Inachoonyesha ni ishara za AIS, yaani ishara za redio za kuitambulisha meli, ambazo meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinatakiwa kuzirusha. Ishara hiyo ina jina la meli, mahali ilipo, mwendo, uelekeo na inakokwenda. Mzigo uliobebwa haumo. Kwa hiyo sentensi "meli hii imebeba fulana" haiwezi kutoka kwenye tovuti hii hata kidogo. Bandari inayokusudiwa huandikwa kwa mkono na mabaharia, na mara nyingi ni ya safari iliyopita. Meli ikipotea katikati ya bahari haijazama: vipokezi vya nchi kavu hufika maili za baharini 40 hivi, na data ya setilaiti ni ya kulipia.

Itumie kwa kazi nyingine, ya bendera. Bofya meli kumi za makontena zilizo karibu na mfereji wowote mkubwa, uandike bendera ya kila moja, yaani nchi iliposajiliwa. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall vitajirudia, na swali la kwa nini linafungua mlango wa kodi, sheria za kazi na usajili. Mfano wa kuweka kando ya jedwali hilo ni Ever Given, iliyokwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021: mwenye meli Mjapani, mwendeshaji kampuni ya Taiwan, msimamizi wa kiufundi kampuni ya Ujerumani, bendera ya Panama, mabaharia Wahindi, safari ya kutoka Asia kwenda Rotterdam, na kukwama Misri.

Benki ya Dunia na KOF tunazipitia haraka, kwa sababu kwa mradi wa fulana ni za utangulizi tu. Kipimo cha Benki ya Dunia cha biashara kama asilimia ya pato la taifa (NE.TRD.GNFS.ZS) huwashtua wanafunzi wanapoona Singapore iko juu ya 300. Hakuna kosa: pato la taifa huhesabu thamani iliyoongezwa nchini peke yake, lakini biashara huhesabu bei nzima ya kinachoingia na kinachotoka, hata kama kimepita tu. Faharasa ya KOF, ya chuo cha ETH Zurich, huipa kila nchi alama kati ya 1 na 100 kwa uchumi, jamii na siasa, kuanzia 1970. Ukiitumia, tenganisha safu za hali halisi na safu za sera, kwani nchi inaweza kuwa na ushuru mdogo na bado ikafanya biashara kidogo. Wala usiipange kama ligi. Nchi ndogo tajiri kama Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi hukaa juu kwa sehemu kwa sababu ni ndogo na hazina namna ila kununua na kuuza nje.

Kwa mwenye wiki mbili, gawanya hivi: siku ya kwanza lebo na namba ya HS, siku tatu OEC kwa namba nne zile, siku mbili kioo cha Comtrade, siku tatu Open Supply Hub, siku moja bendera za meli, na zilizobaki za kuandika. Mwenye wiki moja aache Comtrade na meli, abaki na OEC na Open Supply Hub. Asiyekuwa na intaneti ya uhakika apakue kurasa zote za OEC kwa mkupuo mmoja akiwa maabara ya shule, kwa sababu mraba ule haufunguki vizuri mtandao ukiyumba.