Uzoefu wangu na santuri ya Cruisin' 1961

Nakusanya vipindi vya zamani vya rokenroli vya redio za Marekani, na santuri hii niliisaka muda mrefu. Mfululizo wa Cruisin', wa santuri zinazosikika kama kipindi cha redio, ulianza kutolewa na Increase Records mwaka 1970. Kila santuri ina mwaka wake, mji wake na mtangazaji wake: 1957 ni Joe Niagara wa kituo cha redio cha WIBG Philadelphia, 1960 ni Dick Biondi wa WKBW Buffalo. Mimi nilichukua ya 1961, ya Arnie Ginsburg wa WMEX Boston, waliyemwita "Woo Woo".

Kuna jambo lazima mnunuzi alijue. Muuzaji wangu aliandika kuwa ni matangazo halisi ya 1961. Si kweli, na iliniuma. Nyimbo ni zilezile za wakati ule, lakini maneno ya mtangazaji yalirekodiwa upya miaka kadhaa baadaye. Aliyesimamia kazi hiyo ni Ron Jacobs, aliyewahi kuongoza vipindi vya redio ya KHJ Los Angeles. Ni igizo, ila anayeigiza ni Ginsburg mwenyewe.

Na anaiweza! Sauti yake ni nyembamba, inapitia puani, si ile nzito tuliyozoea kuiita sauti ya redio. Anapiga kengele, anabonyeza honi, filimbi ya treni inalia. Wimbo unaanza, naye anaendelea kuongea juu ya magitaa, unadhani ataharibu. Kumbe ananyamaza palepale mwimbaji anapofungua kinywa. Kipande hicho nilikirudia mara nne, narudisha sindano kwa mkono.

Kanda halisi za vipindi vya enzi hizo ninazo pia. Shida yake ni kwamba nyingi hazina muziki. Mtangazaji alijirekodi ili apeleke sampuli kituo kingine kuomba kazi, kwa hiyo mashine ya kurekodi ilizunguka pale tu kipaza sauti kilipokuwa wazi. Unasikia jina la wimbo, ala kidogo, halafu kap! Tayari ni tangazo la biashara. Ukitaka ushahidi wa redio ilivyokuwa, tafuta kanda hizo, tena zile chache ambazo hazikukatwa nyimbo. Ukitaka kukaa jioni na kusikia kipindi kinavyotiririka, vibwagizo vya kituo, matangazo na nyimbo pamoja, chukua Cruisin'.

Hali ya santuri: niliambiwa safi kabisa, lakini upande wa pili ulitatarika kama mafuta ya moto. Niliufuta kwa maji yanayopatikana kwa kupoza mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi), na kitambaa laini. Umetulia sana, umebaki mkwaruzo mmoja. Jalada lenye mchoro wa katuni ni zima, pembe hazijakunjika.

Naipa nyota nne. Sasa natafuta ya 1958, ya Jack Carney wa WIL St. Louis. Mwenye nayo aniambie, ila anipigie kwanza picha ya santuri yenyewe kwenye mwanga, pande zote mbili.