Seti za kujiundia gitaa la besi: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Ukinunua seti ya kujiundia gitaa la besi, jua kwamba unanunua shingo. Vingine vilivyomo kwenye boksi, yaani pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), volyumu (vitasa vya sauti), funguo za kukazia nyuzi, briji inayozishika kwa chini, na nyuzi zenyewe, unaweza kuving'oa siku yoyote ukaweka vilivyo bora. Shingo iliyojipinda kama propela, au isiyokaa sawa kwenye nafasi yake ya bodi (kiwiliwili cha gitaa), haina dawa ya bei rahisi. Kwa hiyo orodha hii haifuati uzuri wa umbo. Nimepanga kwa mambo mawili: seti inamvumilia kiasi gani mtu ambaye hajawahi kuunda gitaa, na kipuri kikifa utakipata wapi ukiwa Dar, Mombasa au Kampala.

Tumalize kwanza habari ya fedha. Kama shida yako ni kupata besi kwa bei ya chini, achana na seti. Zile za mwanzo kabisa huuzwa Ulaya kwa chini ya euro 150, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ongeza usafiri wa boksi lenye urefu wa karibu mita moja, ushuru, na VAT ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara ni 18. Ongeza rangi, msasa, nyuzi mpya na vifaa ambavyo huna nyumbani. Kwa jumla hiyo unapata besi ya Squier au Yamaha iliyotumika, iliyokwisha tyuniwa, na Jumapili hiyohiyo unapiga kanisani. Seti ni ya mtu anayetaka kujua gitaa linafanyaje kazi, au anayetaka rangi na kichwa ambavyo hakuna mwingine mjini anavyo.

1. Mtindo wa P, nyuzi nne, shingo ya skrubu

Hii ndiyo ya kwanza, na iliyo ya pili iko nyuma yake kwa mbali. Mmarekani aitwaye Leo Fender alitoa Precision Bass, ndiyo hiyo P, mwaka 1951 huko California, na mwaka 1957 akaipa ile pikapu iliyokatwa vipande viwili ambayo hadi leo ndiyo sura yake. Kila kipande kinabeba nyuzi mbili, na vimesukwa ili mngurumo wa umeme wa kimoja ufute wa kingine. Kwa anayepiga kwenye ukumbi wenye nyaya za kuungaunga, hilo peke yake ni sababu ya kutosha kununua.

Sababu kubwa zaidi ni urahisi. Pikapu moja, volyumu moja, toni moja, jeki moja ya kuchomeka waya. Fundi redio yeyote wa Kariakoo au Luthuli Avenue atakulehemia mchoro mzima ukiwa umesimama dirishani. Shingo inafungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo ikikaa vibaya unaifungua na kuanza upya. Na kwa kuwa umbo hili limenakiliwa dunia nzima, pikapu mpya itaingia kwenye nafasi ya zamani bila kuchonga. Angalizo moja: volyumu za seti nyingi za bei ndogo ni za kipimo cha milimita na shina lake ni jembamba, kwa hiyo ukitaka kuweka za Kimarekani utalazimika kupanua tundu.

Thomann wa Ujerumani huuza seti za namna hii kwa jina la Harley Benton, Pit Bull Guitars wa Australia wanazo, na StewMac wa Ohio wanazo za bei ya juu kidogo. Ziko pia zisizo na jina kwenye masoko ya mtandaoni ya Kichina. Hizo za mwisho ni bahati nasibu. Kama muuzaji haonyeshi picha ya shingo kwa ubavu, pita.

Usishangae ukikuta kichwa cha shingo kimekuja kikiwa ubao mpana kama kasia. Umbo la kichwa cha Fender linalindwa kama alama ya biashara. Bodi zake hazilindwi hivyo: mwaka 2009 Fender walishindwa huko Marekani walipotaka kuzisajili. Ndiyo maana seti inakuja na bodi iliyokwisha chongwa na kichwa ambacho hakijachongwa. Chora umbo lako kwenye karatasi, libandike, mpelekee seremala mwenye msumeno mwembamba. Acha nafasi ya kutosha kuzunguka matundu ya funguo.

2. Mtindo wa J

Jazz Bass ilikuja mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba pale kwenye nati (kipande kinachobeba nyuzi pale kichwa kinapoanza), kama milimita 38, na wapigaji wa dansi wanaokimbia huku na huko kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) za juu huipenda kwa hilo. Ina pikapu mbili, volyumu mbili na toni moja, kwa hiyo waya ni nyingi kidogo, ila bado ni kazi ya mchana mmoja. Ukifungua pikapu moja peke yake itanguruma. Zote mbili zikiwa juu sawasawa, kimya.

Kuna mtego mdogo. Pikapu ya nyuma ya J ya kawaida ni ndefu kuliko ya mbele kwa karibu milimita 3. Seti nyingine zinaleta mbili zinazolingana, kwa hiyo pima nafasi zote mbili kwenye bodi kabla ya kuagiza pikapu mpya.

3. Bodi na shingo za kuchagua mwenyewe

Warmoth wa jimbo la Washington hutengeneza bodi na shingo kwa oda: unachagua mti, unene, freti, hata kama shingo iwe na chuma cha ziada ndani. Wana leseni ya Fender kwa maumbo hayo. Kazi yao ni safi kiasi kwamba ningewaweka namba moja kama bei isingekuwa na maana. Lakini ukishajumlisha bodi, shingo, briji, funguo na pikapu umezidi bei ya besi nzuri ya dukani, na siku ukiiuza hupati hata nusu. Ni chaguo la gitaa la pili.

4. Nyuzi tano

Najua wapigaji wengi wa injili ndiyo wanayoitaka, kwa ajili ya ule uzi wa B wa sauti ya chini. Tatizo ni kwamba B hiyo, ya karibu mapigo 31 kwa sekunde, ndiyo inayofichua udhaifu wa shingo na wa pikapu. Kwenye seti ya bei ndogo hulegea na kutoa sauti ya matope. Seti nyingi za tano huja pia na sakiti ya betri ya volti 9, kwa mtindo uliosambazwa na besi ya Music Man StingRay ya 1976, na sakiti hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za boksi. Kama lazima iwe tano, chukua isiyo na betri.

5. Fupi, na zile za umbo la fidla

Höfner wa Ujerumani walianza kutengeneza besi ya umbo la fidla mwaka 1956, na Paul McCartney akaipa umaarufu. Urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 30 badala ya 34, kwa hiyo inafaa mtoto au mwenye vidole vifupi. Bodi ni tupu ndani, na kupitisha waya na volyumu kwenye vijitundu vyake ni mateso. Nyuzi fupi pia hazipatikani kila duka. Kama unataka fupi, tafuta yenye bodi ya mti mzima.

6. Thunderbird na Rickenbacker za kubandika

Acha. Besi za asili za majina hayo zina shingo inayopita katikati ya bodi hadi mwisho. Za seti shingo hubandikwa kwa gundi, na gundi ikikauka upande, umekwisha. Thunderbird pia ina tabia ya kuinamisha kichwa kuelekea sakafuni ukiivaa kwa mkanda.

Boksi likifika

Usianze na rangi. Funga shingo kwenye bodi kwanza, bila gundi wala pikapu, kisha chukua rula ya chuma. Kwa besi ya inchi 34, kutoka ukingo wa nati hadi freti ya 12 ni milimita 432, na kutoka hapo hadi kitandiko cha uzi wa G (ule mwembamba kuliko wote) kwenye briji ni 432 nyingine. Uzi wa E, ule mnene, unahitaji zaidi kidogo, kwa hiyo hakikisha kitandiko chake kina nafasi ya kurudi nyuma. Kisha nyoosha nyuzi mbili za kushonea kutoka nati hadi briji, pale zitakapopita E na G. Zikitoka nje ya ubao wa freti upande mmoja, shingo imekaa pembeni. Kagua haya yote ndani ya muda wa kurudisha mzigo, na kabla hujakata kichwa, maana muuzaji hatapokea shingo uliyokwisha kuichonga.

Ubao wa freti siku hizi mara nyingi si rosewood. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliweka miti yote ya jamii ya Dalbergia chini ya vibali, mpingo wetu ukiwemo, na viwanda vikahamia miti mingine. Ala zilizokamilika zilisamehewa mwishoni mwa 2019, ila viwanda vingi havikurudi nyuma. Hilo lisikusumbue, freti zilizokaa sawa zina uzito kuliko jina la mti.

Kwenye rangi, bodi nyingi za bei ndogo ni basswood, mti laini usio na mistari ya kupendeza. Ipige rangi nzito isiyoonyesha mti. Kama imekuja imezibwa tayari, rangi ya kupenya itagoma na madoa ya gundi yatabaki meupe. Fundi rangi wa magari atakufanyia vizuri, wala si kushusha hadhi: Fender wenyewe walitumia rangi za magari za DuPont, na ile Fiesta Red yao ilikuwa kwanza ya Ford Thunderbird ya 1956. Usipulizie siku ya mvua, rangi itapata ukungu mweupe, na iache ikomae kabisa kabla ya kukaza chochote juu yake.

Waya mmoja husahaulika kuliko yote, nao ni wa kutoka chini ya briji hadi mgongo wa volyumu. Bila huo gitaa litanguruma hata kama kila kitu kingine kimelehemiwa vizuri.

Kwa wanaoishi pwani, iache shingo ndani ya nyumba wiki moja au mbili izoee unyevu kabla ya kugusa nondo yake (chuma cha ndani kinachorekebisha mpindo wa shingo). Ukiigusa, zungusha robo mzunguko kisha ngoja. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Kwenye freti ya saba au ya nane ibaki nafasi ya karibu milimita 0.3. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 uwe milimita 2 hadi 2.5.

Nyuzi zilizokuja na seti zitupe. Nunua za unene wa 45 hadi 105, na kama unapiga dansi la zamani, jaribu zile bapa zisizokwaruza.