Nyumba ya Ghorofa ya Kupanga Isamilo, Mwanza: Tathmini ya Mpangaji

Nyumba ninayoitathmini ni mojawapo ya nne zilizojengwa kwa safu moja, kuta zikigusana, ndani ya fensi moja kwenye mteremko wa Isamilo. Chini kuna sebule, jiko, stoo na choo cha wageni. Juu kuna vyumba vitatu, kimoja kikiwa masta. Kodi ni shilingi 700,000 kwa mwezi, hulipwa kwa miezi sita, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kwa fedha hizo mtu angeweza kupata nyumba inayojitegemea, yenye uwanja mpana, huko Buswelu. Hapa analipia ukaribu na mjini, jambo lenye maana kwa anayefanya kazi katikati ya jiji au hospitali ya Bugando, na lisilo na maana kubwa kwa mwingine yeyote.

Ujenzi wenyewe unastahili sifa. Msingi umekaa juu ya mwamba, na nyuma ya safu umejengwa mtaro wa zege unaopokea maji yanayoshuka kati ya mawe, kiasi kwamba masika yote yalipita bila tone kuingia jikoni. Anayekagua nyumba yoyote ya mlimani Mwanza aangalie mtaro kabla hajaangalia tailizi. Hata hivyo, mawe hayohayo hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, hivyo chumba cha nyuma huwa na joto hadi usiku wa manane, ilhali masta, inayoelekea ziwani, hupata upepo mzuri. Upepo huo una gharama yake: wadudu wa ziwani wanapopanda kwa makundi hufuata taa, na nyavu za madirisha ya aluminiamu zilizowekwa hapa zimeacha upenyo pembeni.

Tatizo kubwa ni maji. Kila nyumba ina mita yake ya umeme, lakini mita ya maji ni moja, na ankara hugawanywa sawa kwa nne, awe mpangaji anaishi peke yake au ana watoto watano na gari linaloshwa kila asubuhi. Isitoshe, simtanki limewekwa juu ya mnara mfupi usiozidi kimo cha bafu la juu; maji ya bomba yakikatika, kinachotoka ghorofani ni matone. Tulipolalamika, mwenye nyumba alileta pampu upesi, na ningemsifu kwa hilo kama fundi wake asingeiunganisha na mita ya umeme ya nyumba ya mwisho, ambayo ndiyo yangu. Kwa hiyo majirani huoga kwa LUKU yangu, yaani umeme ninaoulipia kabla ya kuutumia, na mazungumzo ya kurudishiwa fedha bado yanaendelea, kwa heshima zote.

Mkataba, kwa upande mwingine, umeandikwa kwa uangalifu nisioukuta mara nyingi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na kwa majengo ya ghorofa hukokotolewa kwa kila sakafu, hivyo mpangaji ndiye anayejikuta akitoa fedha ambayo ni wajibu wa mwenye mali. Mkataba huu unatamka wazi kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango inayofuata, na yamepunguzwa kweli. Anayepanga kwingine adai kifungu kama hicho kabla ya kutia saini.

Kuhusu ukuta wa pamoja sina mengi: taarifa ya habari ya jirani husikika sebuleni kwangu, na anayehitaji utulivu achague nyumba ya pembeni kama hii, yenye jirani wa upande mmoja tu, ingawa huku ndiko iliko pampu.

Nimemwandikia mwenye nyumba kwamba nitalipia miezi sita mingine iwapo mita za maji zitatenganishwa na pampu itapewa umeme wake. Hajajibu, na nyumba ya pili katika safu imeshatangazwa kuwa inapangishwa, kwa kodi ileile.